Mbwa Aliyenifundisha Kunyamaza

Mtu wa kwanza niliyemsaidia katika kazi ya unasihi nilimharibia kwaya. Naanza na hilo ili nyinyi vijana mnaotoka chuoni na vyeti vyenu msidhani huyu mama mstaafu wa Yamumbi amekuja kuwahubiria.

Alikuwa mwalimu kutoka Timboroa, mtu mpole, amevaa sweta mbili kama watu wengi wa baridi ile. Alisema hapati usingizi na moyo unamwenda mbio bila sababu. Mimi nilikuwa nimefundisha shule ya msingi miaka kumi na minane kabla ya kusomea unasihi, na mwalimu akiona mtu amekwama, mkono wenyewe hutafuta chaki. Nilimpa mashauri kumi na manne. Nakumbuka idadi kwa sababu aliyaandika kwenye daftari na kuyapa namba. Punguza chai. Patana na mama mkwe. Amka mapema utembee. Acha kwaya, mazoezi yanakuchosha.

Alirudi baada ya mwezi, akafungua daftari na kunionyesha tiki zote kumi na nne, kama mtoto aliyemaliza hesabu.

"Madam, nimefanya yote," akasema. "Bado silali. Na sasa pia sina kwaya."

Tulipoweka daftari kando nikamsikiliza, ikatokea kwamba kwaya ndiyo ilikuwa saa mbili pekee za wiki yake ambapo kifua kilimlegea. Akarudi kuimba besi. Usingizi ulikuja polepole, na sidhani kama mimi ndiye niliyeuleta.

Baada ya hapo nilipelekwa kwa Mama Dorcas, muuguzi mstaafu aliyetusimamia sisi wanasihi wachanga wa mji huu. Kama hamjafundishwa bado, mtafundishwa: anayesikiliza watu lazima naye awe na mtu wa kumsikiliza, la sivyo ataanza kugombana na kuku. Mama Dorcas alitupokea Jumamosi nyuma ya nyumba yake, na kabla hujafungua mdomo alikuwekea mapajani beseni la managu uchambue majani. Mwanzoni nilifikiri anatutumia tu kupata mboga. Baadaye nikaelewa kwamba mikono ikiwa na kazi, mdomo hupunguza haraka. Managu tulimchambulia, hata hivyo, na hakuna siku alinifungia hata kidogo nipeleke nyumbani.

Alinifundisha mambo ambayo sikuyaona kwenye kitabu. Saa ya ukutani itundike nyuma ya mteja, wewe uione bila kuinamia mkono. Tishu ziweke mahali atakapozifikia mwenyewe. Ukimnyooshea unamwambia machozi yametosha. Viti visitazamane uso kwa uso kama vya polisi. Vigeuze kidogo, mtu apate dirisha la kukimbilia kwa macho. Na usiseme "pole" upesi, maana pole ya upesi ni mlango unaofungwa.

Chumba changu kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Chini walikata mabati. Sijui walijuaje, lakini kila mtu alipofika kwenye jambo lenyewe, lile lililomleta, msumeno ulianza. Nimesikia siri za nusu ya Uasin Gishu kwa kusoma midomo.

Sasa niwaeleze kuhusu wazee wawili wa Ainabkoi. Majina nimebadilisha, na ruhusa waliniachia wenyewe. Mke alisema niandike nitakavyo, mradi nisimbadilishe mbwa jina.

Aliyewaleta alikuwa binti yao, Chebet, mwalimu hapa mjini. Alikuja peke yake kwanza, akakaa ukingoni mwa kiti na mkoba wake mapajani.

"Madam, koito yangu ni wiki sita zijazo," akasema. "Wazee wa upande ule watakuja nyumbani kuongea mambo ya ndoa. Baba na mama watakaa pamoja mbele yao. Na hawaongei."

"Hawaongei kabisa?"

"Mwaka unakaribia kuisha. Hawagombani, hawapigani. Hawaongei tu. Watu wakigundua, watasema hiyo ndiyo boma natoka."

Nilimwambia awalete. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua la kufanya.

Walifika Jumanne. Mzee Kiptoo alikuwa mrefu, mkimya, gambuti zake safi kana kwamba zimepigwa pasi. Mama Chebet alikuwa mfupi, amefunga kitambaa kichwani barabara, na alikaa kiti cha mbali kana kwamba amepewa namba. Wote wawili walitazama sakafuni kati yao, mahali pamoja, kama watu wanaotafuta kitu kilichosahauliwa nyumbani.

Nikauliza kilichowaleta. Mzee akakohoa. Kisha akanigeukia mimi.

"Madam, mwambie huyu mama hiyo kiti yake iko kwa upepo. Asogee."

Mama Chebet naye akanigeukia. "Mwambie nimesikia. Na mwambie niko sawa na upepo."

Ndivyo tulivyokwenda. Mwambie, mwambie. Kwa dakika hamsini nilibeba maneno kutoka kiti hadi kiti, umbali wa hatua mbili, kana kwamba mmoja yuko Kitale na mwingine Mombasa. Nilijiona nafanya kazi nzuri. Nilipowasindikiza hadi ngazini, Chebet alinivuta kando.

"Samahani, Madam. Nilisahau kukuambia. Nyumbani hiyo kazi hufanywa na mbwa."

"Mbwa gani?"

"Meneja. Baba akitaka chai anamwambia Meneja amwambie mama. Mama anamwambia Meneja amwambie baba chai iko mezani. Sasa hapa hakukuwa na mbwa, ndiyo wakakutumia wewe."

Mnaweza kucheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na diploma, na cheti juu yake, na nilikuwa nimeshikilia nafasi ya mbwa kwa saa nzima bila kujua.

Basi nikafanya kosa la pili kubwa la maisha yangu ya kazi. Wiki iliyofuata nilipiga marufuku. Niliwaambia kuanzia leo hakuna kupitisha maneno, si kwangu wala kwa mbwa. Kila mtu atamtazama mwenzake na kusema. Nikamwagiza Chebet amchukue Meneja akae kwake mjini wiki nzima, ili wazee walazimike. Niliona ni mpango safi sana.

Waliposikia marufuku hiyo, walinyamaza. Nami nikanyamaza, maana nilijua kunyamaza ni sehemu ya kazi. Nilihesabu nondo za dirisha, zilikuwa kumi na moja. Dakika ya ishirini Mzee Kiptoo alilala. Alilala wima, kwa heshima, bila kukoroma, mpaka msumeno wa chini ulipomwamsha, akavaa kofia na kusema asante.

Wiki ile bila mbwa ilikuwa mbaya. Jumatatu Mzee hakula usiku kwa sababu hakuna aliyemwambia chakula kiko tayari, na yeye asingeuliza. Jumatano mama alitembea na mtungi wa maziwa mpaka barabarani peke yake, kwa sababu hakuna aliyemwambia Mzee kwamba gurudumu la toroli limetoka. Huko mjini Meneja alikataa kula na akatafuna viatu vya mwenye nyumba ya Chebet. Walipokuja mara ya tatu, Mama Chebet hakuketi hata.

"Madam, mimi sirudi," akasema. Hiyo alinieleza mimi moja kwa moja, bila kuniambia nimwambie mtu. "Tulikuwa na kitu kidogo pale nyumbani. Umekichukua."

Akashuka ngazi. Mzee akamfuata kwa nyuma, hatua kumi, kama kawaida yao. Chebet alibaki mlangoni akilia, na tishu zilikuwa mbali naye kwa sababu nilikuwa nimezihamisha ili zisionekane ovyo. Koito ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Jumamosi nilikwenda kwa Mama Dorcas nikiwa nimetayarisha hotuba. Nilimweleza jinsi wazee wale walivyo wagumu, jinsi hawako tayari kubadilika, jinsi mtu asiyetaka kusaidiwa hasaidiki. Alinisikiliza mpaka mwisho, beseni likajaa.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Mgonjwa alikuja kwako na mkongojo. Ukamnyang'anya mkongojo. Akaanguka. Sasa unaniambia hataki kutembea."

Nikasema, "Lakini Mama, wanaongea na mbwa."

"Nani alikuambia wanaongea na mbwa? Mbwa anajua habari ya chai? Wanaongea wao kwa wao. Katikati wameweka mbwa ili wasichomane. Mwaka mzima, kila siku, watu wale wanatafuta namna ya kuongea, na wewe unasema hawako tayari." Akaangalia beseni langu. "Na hayo umeacha vijiti. Rudia."

Nilirudia. Na nikiwa pale nikiokota vijiti, nilianza kuona aibu, ile aibu yenye faida. Watu wale walikuwa wamejitengenezea dawa yao wenyewe, mbovu kidogo lakini inafanya kazi, nami sikuwa nimeiuliza hata ilianza siku gani. Wanangu, kama mtashika neno moja kutoka kwangu, shikeni hili. Mtu akija na tabia ya ajabu, usiiondoe mpaka ujue inamsaidia nini. Kuna tabia inayoonekana kama ugonjwa, kumbe ndiyo inayoshikilia paa.

Jumatatu nilimpigia simu Mama Chebet. Kumwomba mteja msamaha hakufundishwi sana chuoni, kwa hiyo nitawaambia namna ilivyokwenda. Nilisema, "Mama, nilikosea. Nilichukua kitu chenu bila kuuliza. Naomba mje mara moja tu, na mje na Meneja."

"Hiyo mbwa haijawahi kufika mjini vizuri," akasema. "Lakini nitamwambia amwambie."

Walikuja. Kwenye ngazi mlinzi wa jengo aliwazuia. Nilisikia sauti zao nikiwa juu. Mlinzi alisema mbwa haruhusiwi. Mzee Kiptoo akajibu bila haraka, "Huyu pia ana apointimenti." Mlinzi akaja kuniuliza, nami nikathibitisha.

Meneja alikuwa mbwa wa kawaida wa shamba, rangi ya vumbi, sikio moja limekatika ncha. Aliingia, akanusa viti vyote, akalala pale pale sakafuni kati yao, mahali walipokuwa wakitazama tangu siku ya kwanza. Mabega ya wazee wote wawili yalishuka kwa pamoja. Nami nikaona kwamba mahali pale palikuwa pake.

Nikasema, "Ningependa kujua Meneja alianza kazi hii siku gani."

Mama Chebet akamwangalia mbwa. "Meneja, mwambie huyu madam ni siku nilitoka hospitali."

Kisha akamweleza mbwa habari yote, polepole, nasi tukasikia. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo. Alilala hospitalini wiki tatu. Watoto walikuja, akina mama wa kanisa walikuja, hata jirani wasiyepatana naye kwa ajili ya uzio alikuja na ndizi. Mzee hakukanyaga wodi hata siku moja. Siku aliporudi nyumbani, ameshika tumbo, Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Akamwangalia, akasema, "Ng'ombe imezaa."

"Basi nikamwambia Meneja, mwambie baba yako nimerudi," akasema. "Kwa sababu nikaona hakuna mwingine wa kuambia."

Msumeno wa chini ulianza. Kwa mara ya kwanza niliushukuru, kwa sababu ulininyima nafasi ya kusema jambo la busara. Nilikuwa nalo tayari mdomoni, tena zuri. Ulipokoma, Mzee Kiptoo alikuwa ameinama, mkono wake uko kwenye shingo ya mbwa.

"Meneja," akasema. "Mwambie mama yako mimi nilienda."

Akalikuna lile sikio lililokatika ncha.

"Mwambie nilienda kila Jumatano na kila Jumapili. Nilifika kwa geti. Hiyo geti, mama yangu mimi aliingia akitembea. Nilimshika mkono mpaka ndani. Alitoka na pikapu. Sasa miguu ikifika hapo inakataa. Nilikaa kwa hiyo benchi ya nje mpaka saa ya kuona wagonjwa iishe, halafu nikarudi."

Mama Chebet alikuwa ameacha kumwangalia mbwa, lakini hakuwa bado amemwangalia mume wake. Alikuwa akiangalia dirisha.

"Mwambie hiyo mursik nilipatia yule mama wa kufagia apeleke," Mzee akaendelea. "Nilitia kwa chupa ya plastiki, nikaogopa kibuyu itavunjika."

Wale msiotoka sehemu hizi, mursik ni maziwa yetu ya mgando, na kibuyu chake husuguliwa ndani kwa mkaa. Ni kazi ya mwanamke, na ina kipimo chake.

Mama Chebet akageuka. "Hiyo mursik ilikuwa ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulitengeneza mwenyewe?"

"Nani mwingine alikuwa nyumbani?"

"Ilikuwa na mkaa kama jiko la fundi wa chuma," akasema. "Nilikunywa hiyo kitu wiki tatu nikifikiri kuna mtu kanisani hanipendi."

"Lakini ulikunywa?"

"Nilikunywa yote. Nilikuwa na njaa ya kitu ya nyumbani."

Wakati huo harufu ya nyama kutoka kwa bucha ya ng'ambo ya barabara ilikuwa imepanda ngazi, na mlango wangu haukuwa umefungwa vizuri. Meneja aliinuka, akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, akatoka zake. Nilimwona akienda. Wao hawakumwona. Mama alikuwa anauliza kwa nini Mzee hakusema hayo yote siku ile mlangoni, badala ya kutaja ng'ombe, na Mzee anajibu kwamba alikuwa amepanga maneno tangu asubuhi, lakini alipoona vile amekonda, yakatoka yale ya ng'ombe. Mama akasema hata hivyo yeye angemuuliza ndama ni dume au jike. Mzee akasema ilikuwa jike. Mama akasema anajua, yeye ndiye anayeilisha.

Nataka mjue dakika zile zilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Kila kiungo cha mwili wangu kilitaka kusema, "Mnaona? Sasa mnaongea." Mwalimu ndani yangu alikuwa amesimama na chaki. Ningesema, wangeshtuka, wangetazama sakafuni, wangekuta mbwa hayupo, na sijui lini tena wangefika pale. Niliuma ulimi mpaka nikahisi chumvi. Nilihesabu nondo za dirisha. Bado zilikuwa kumi na moja.

Waliongea dakika arobaini. Saa ilipoisha walisimama, wakanishukuru kwa msaada wangu mkubwa, wakashuka ngazi. Walishuka bega kwa bega, na kwa sababu ngazi zile ni nyembamba, walikuwa wanagongana. Baadaye mlinzi aliniambia walimkuta Meneja kwa bucha, na mwenye bucha alikuwa tayari amempa mfupa kwa kuwa mbwa mwenyewe alisubiri kwa adabu.

Walirudi mara tatu zaidi kabla ya koito. Meneja alikuja mara moja, halafu wakasema ana shughuli. Msifikiri kila kitu kilinyooka. Mara moja walinyamaziana siku nne kwa sababu ya paa la zizi, na Mama aliniambia kwamba siku hizo mbwa alirudishwa kazini kwa muda. Sikusema kitu. Mtu mzima anajua mahali alipoweka mkongojo wake.

Koito ilifanyika, nami nilialikwa, nikakaa nyuma na akina mama wa jikoni kama jirani tu, kwa sababu haifai watu waulize umetokea wapi. Wazee wa upande ule walikuwa watano, wenye maswali. Walipouliza kama wazazi wa binti wamekubaliana, Mzee Kiptoo aliinuka, akakohoa, akatazama sakafuni kwa muda mrefu kiasi kwamba Chebet aliacha kupumua. Nami niliacha. Kisha akamgeukia mke wake na kumwuliza, mbele ya wageni wote, "Wewe unasema aje?"

Wazee wale hawakuzoea kuona mwanaume akiuliza hivyo mbele ya watu, wakatazamana. Mama Chebet akajibu kwamba yeye anasema ndiyo, lakini kijana awe anasema mambo yake mapema, asingoje ng'ombe izae. Wageni hawakuelewa, ila walicheka kwa heshima. Mzee peke yake ndiye aliyecheka sana, mpaka akatoa leso.

Watu huniuliza, sasa kwa kuwa nimestaafu, nimebadilisha watu wangapi. Sijabadilisha hata mmoja. Niliwawekea viti, nikawapimia saa, nikajitahidi kutowazuia njia, na mara nyingi hata hilo lilinishinda. Watu hubadilika kwa nguvu zao wenyewe, kwa mwendo wao, wakipitia mahali ambapo hukuwachagulia. Wewe kazi yako ni kuamini kwamba wanakwenda, hasa siku ambazo wanaonekana wamelala wima kwenye kiti.

Mwaka jana Mama Chebet alinipigia simu asubuhi, nikiwa napalilia sukuma wiki yangu.

"Madam, kuna shida," akasema.

Nikaweka jembe chini. Nikauliza ni nini tena.

"Ni huyu mzee. Anaongea."

"Si hiyo ndiyo tulitaka?"

"Tulitaka kidogo. Sasa anaanza tukikamua, ananifuata mpaka jikoni, ananieleza ndoto yenye aliota. Jana amenieleza habari ya mvua ya zamani mpaka chai ikapoa. Hakuna kitu mnaweza kumpatia apunguze?"

Nilimwambia ukweli, kwamba kazi yetu ni ya kufungua, na kufunga hatukufundishwa.

Nyuma yake nilisikia sauti ya mwanaume ikieleza kitu kirefu, bila haraka yoyote.

"Haya, wacha nikate simu," Mama Chebet akasema. "Amefika mahali patamu."